Kijitu cha Karatasi cha Nishigori Sumie

Kuroiwa Sumie alipikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, watoto mia sita kwa siku, na katika miaka yote hiyo hakuunguza sufuria hata moja. Nalitaja hili mapema ili ijulikane kwamba hakuwa mtu wa kubabaika ovyo. Mtu anayeweza kukata karoti za watoto mia sita huku mwalimu mkuu akimlalamikia sikioni, huyo ana kichwa kilichotulia. Lakini tarehe ishirini na sita Juni, kwenye ukumbi wa hekalu la Tsuruno, kichwa hicho kilitikisika, na kilichokitikisa ni kipande cha karatasi kisichozidi urefu wa kiganja.

Mvua ilikuwa ikinyesha siku ya nane mfululizo. Mierezi ilikuwa imeinama kwa uzito wa maji, na ngazi sabini na mbili za mawe zinazopanda kutoka mtoni hadi hekaluni zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, kila apandaye anatazama anapokanyaga. Wanawake wawili waliketi kwenye jamvi na masanduku matatu kati yao. Mmoja alikuwa Sumie, na wa pili jirani yake Mineko, mwenye saluni chini ya kilima, mwanamke mwenye mkasi mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Walikuwa wakipanga vijitu vya karatasi.

Kila mwezi wa Juni ukielekea ukingoni, hekalu hupeleka bahasha nyumba kwa nyumba. Ndani yake mna vijitu vyeupe vya karatasi, kichwa na mikono miwili mipana, kimoja kwa kila mtu. Mtu huandika jina lake na umri, akajipangusa nacho mwili, akakipulizia mara tatu, na uchafu wote wa nusu mwaka ukahamia humo: maneno mabaya, kijicho, maradhi, na yale ambayo mwenyewe hataki kuyataja. Tarehe thelathini kuhani huvisomea dua, vikaenda na mto. Ndivyo ilivyokuwa tangu kwa mababu wa mababu. Kilichobadilika ni karatasi tu. Ya siku hizi huyeyuka majini.

"Huyu amejiandika miaka thelathini na tisa," alisema Mineko, akiinua kijitu kimoja kwa ncha za vidole. "Thelathini na tisa! Na mimi ndiye ninayempaka nywele rangi! Atatakaswa nusu huyu, nusu nyingine imedanganya."

"Mwache mwenzio."

"Simsemi mimi. Nasoma kilichoandikwa."

Sumie alicheka, akatia mkono kwenye sanduku la tatu, la vijitu vilivyokuja bila bahasha. Akavuta kimoja, akakisoma kwa mazoea, akakiweka kando. Kisha mkono ukasimama hewani. Akakichukua tena.

Kiliandikwa kwa brashi na wino, kwa mkono wa zamani unaotetemeka: *Nishigori Sumie, mwanamke, miaka sitini na minane.*

Nishigori ni ukoo wa baba yake. Hakuwa amelitumia jina hilo tangu alipokuwa na miaka ishirini na miwili. Tena umri wenyewe ulikuwa umehesabiwa kwa hesabu ya wazee, wanaompa mtoto mwaka mmoja siku ile ile anapozaliwa. Kwa hesabu ya ofisi alikuwa na miaka sitini na saba. Kwa hesabu ya wazee, sitini na minane barabara.

"Mineko."

"Nini? Umempata mwingine wa thelathini na tisa?"

"Huyu ni mimi."

Mineko akakipokea, akakisogeza karibu na macho, kisha mbali. "Si uliandika chako juzi pale saluni? Nilikuona ukijipangusa goti, ukalipangusa mpaka nikadhani utaliondoa."

"Niliandika Kuroiwa Sumie. Hiki sikukiandika mimi."

"Basi kaandika nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Ala! Mwandiko wangu mimi kuku kapita kwenye majivu." Mineko akashusha sauti, macho yakimcheka. "Shoga, una mtu wewe. Kuna mzee humu mjini kakuweka moyoni tangu shuleni, anakutakasa kisirisiri."

"Acha upuuzi."

"Haya, upuuzi. Mimi ningekuwa ndiye niliyeandikwa, ningeshapaka nywele rangi saa hizi."

Sumie hakucheka. Kijitu cha karatasi huchukua uchafu wa mwili kilioupangusa. Hiki hakikumgusa. Sasa kilikuwa kimebeba nini, na kutoka kwa nani? Pumzi iliyopulizwa humo ilikuwa ya nani? Inawezekana mtu akakutakasa bila wewe kujua, kama anavyoweza kukufagilia uwanja ukiwa umelala? Au ni kinyume chake, mtu kajipangusa mabaya yake mwenyewe akayaandika kwa jina lako? Alikigeuza nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Wanasema mtu akitaka kukudhuru hutumia kijitu na msumari," alisema polepole.

"Hicho ni cha majani makavu. Hiki ni cha karatasi, na kimepita mlango wa mbele. Mchawi gani anapita mlango wa mbele?"

Hilo nalo lilikuwa neno, lakini halikumtuliza. Sumie alikitia kijitu kwenye mfuko wa aproni yake, bila kujua kama inaruhusiwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka aliotimiza ishirini na miwili, kampuni moja ilikuja kujenga daraja la zege juu ya mto wa Tsuruno, na pamoja nayo akaja dereva wa lori aitwaye Kuroiwa Shigeru, kijana mrefu asiye na ardhi wala kwao kwa kueleweka. Baba yake Sumie, Nishigori Heisaku, fundi wa vigae vya paa, alikuwa ameshampatia bintiye mchumba katika familia ya wakulima wa zabibu. Sumie hakubishana. Asubuhi moja ya Aprili aliondoka na garimoshi la kwanza, furushi moja mkononi, akaacha barua juu ya pipa la mchele na mchumba kwenye mataa. Walioana huko Sakai, wakapata mtoto mmoja wa kiume, na Sumie akapata kazi katika jiko la shule. Barua alizomwandikia baba yake zilirudi bila kufunguliwa. Ya kumi na moja iliporudi, akaacha kuandika. Mama yake alipofariki alipata habari baada ya mazishi. Baba alipofariki, miaka kumi na tisa iliyopita, alikuja, akaketi mstari wa nyuma pamoja na majirani, akaondoka na garimoshi la alasiri.

Kisha Shigeru naye akafa kwa maradhi ya moyo. Mwanawe yuko Nagoya na mkewe. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani: mwaka mmoja baada ya kufiwa, Sumie akapanga nyumba ndogo nyuma ya saluni ya Mineko. Akiulizwa sababu ya kurudi, alijibu kwamba Sakai kuna kelele. Kama hilo ndilo jibu au kuna jingine, hata yeye hakujua.

Mtu wa kwanza kushukiwa na Sumie alikuwa kaka yake. Nishigori Kanehiro alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ndiye aliyebaki katika nyumba ya baba. Vigae vilipokosa wateja aligeukia zabibu. Kaka na dada walisalimiana, walipelekeana mboga, lakini mazungumzo yao yalikuwa mafupi kama ya watu wanaongoja daktari. Kesho yake Sumie alivuka daraja kwa miguu na mwavuli wake, akamkuta kaka yake chini ya paa la plastiki, juu ya ngazi, anavivika vichala vya zabibu mifuko ya karatasi.

"Kaka, wewe ndiye uliyeniandikisha hekaluni?"

"Kukuandikisha nini?"

Akamwonyesha. Kanehiro alishuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akakitazama bila kukigusa.

"Mimi hata changu naandikiwa na mke wangu. Unanijua mimi na hekalu. Nikitaka kutakata naingia bafuni."

"Basi ni mkeo."

"Mke wangu anakuita Dada Kuroiwa. Jina letu kwa herufi za zamani namna hii hawezi hata kulisoma." Akainama zaidi. "Herufi hizi aliziandika baba tu."

"Baba amekufa."

"Najua amekufa. Si nilimbeba mimi?"

Mvua ilipiga juu ya plastiki kama maharagwe yanayomwagwa kwenye ungo.

"Halafu baba asingekuandika," Kanehiro aliendelea. "Usinielewe vibaya, mdogo wangu, lakini wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Siku ulipoondoka aliweka vijiti vyake mezani akasema jina lile lisitajwe tena katika nyumba hii. Halikutajwa. Nikitaka kuuliza Sumie aliweka wapi mkasi, nauliza 'yule' aliweka wapi mkasi. Mama alikuwa akikutaja jikoni, na hapo anangoja kwanza maji yachemke yafunike sauti."

"Basi labda ni mama."

"Mama kafa wewe una miaka thelathini na mitano. Angejuaje kwamba utafika sitini na minane?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Na mimi nakwambia sijui. Nishikie ngazi hapa."

Akamshikia ngazi. Vichala kama ishirini vilivikwa. Alipoaga, Kanehiro alisema bila kugeuka, "Kitupe tu mtoni. Si ndiyo kazi yake?"

Sumie alirudi akiwa hajui zaidi ya alivyojua alipokwenda. Yule mchumba wa zamani alihamia Hiroshima na sasa ana wajukuu. Mwalimu wake wa darasa la sita yuko kaburini. Njiani Sumie alimtazama mikono kila mzee aliyemwamkia, kama iko mikono inayotetemeka kwa namna ile ya wino. Na kumbe katika mji wa wazee mikono yote hutetemeka.

Tarehe ishirini na tisa mvua ilipumua kidogo, na wanaume wakashuka mtoni kukata matete. Waliyapandisha kilimani kwa mafurushi, wakayafunga kuzunguka mianzi iliyopindwa, mpaka ikasimama mbele ya ukumbi pete kubwa ya kijani, ndefu kuliko mtu, ya kupitwa na watu wote kesho yake ili watakasike. Kuhani Haraguchi Yasuomi alikuwa miongoni mwao na koti la mvua na mabuti. Siku za kazi yeye ni karani wa ushirika wa wakulima, na watu wengi wamezoea kumwona na kalamu sikioni kuliko na kofia yake nyeusi ya ibada.

"Kuhani, samahani," alisema Sumie. "Vile vijitu vya sanduku la tatu vinatoka wapi?"

"Visivyo na bahasha? Hivyo ni vya mama. Ana daftari lake la koo za zamani, anavinakili kila mwaka. Mimi siligusi. Mwaka juzi niliweka mkono tu juu ya jalada, nikasemwa kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane!"

"Naweza kumwona?"

"Yuko kwenye baraza ya nyuma na plamu zake. Lakini, Mama Kuroiwa, leo anasikia, kesho hasikii. Na unaweza ukaketi mbele yake akawa anaongea na mwingine."

Bibi Toyo, mama wa kuhani, alikuwa na miaka tisini na mmoja. Alikuwa ameketi mbele ya kikapu cha plamu za kutia chumvi, anatoa kikonyo cha kila tunda kwa kijiti chembamba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa hapo, chukua kijiti. Usilitoboe, likitobolewa linaoza."

Sumie akaketi, akatoa vikonyo vya plamu kumi au kumi na tano, ndipo akaitoa karatasi mfukoni na kuiweka juu ya mkeka.

"Bibi, huyu ni nani?"

Bibi Toyo alivaa miwani. "Nishigori Sumie. Binti wa Heisaku wa vigae. Hayupo hapa."

"Yuko wapi?"

"Huko Osaka, Sakai, sijui wapi. Alikimbia na dereva." Akatoa kikonyo. "Msichana mzuri, ila miguu yake ilikuwa haitulii. Unamfahamu?"

Sumie akaweka kijiti chini.

"Bibi, huyo ni mimi."

"Wewe ni Kuroiwa. Unakaa nyuma ya saluni. Nakujua, wewe ndiye unayeniletea figili za chumvi."

"Kuroiwa ni jina la mume wangu. Kwetu ni Nishigori."

Bibi Toyo alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeshika nguo akitafuta ulipo mshono.

"Sumie nywele zake zilifika hapa."

"Nilizikata."

"Na alikuwa mwembamba."

"Bibi! Miaka arobaini na mitano!"

"Haya. Ukisema hivyo, haya." Lakini ilikuwa dhahiri kwamba hajasadiki, na kwa kitambo kidogo Sumie naye hakuwa na hakika. Kulikuwa na msichana wa nywele ndefu aliyekuwa akiishi ndani ya daftari la hekalu, akiongezewa mwaka mmoja kila mwaka, bila mume, bila mtoto, bila jiko la watoto mia sita. Na kulikuwa na mwanamke wa figili. Nani kati yao alikuwa ameketi hapa na plamu mkononi?

"Nani aliyekuambia umwandike?" aliuliza.

"Heisaku mwenyewe. Alikuja Juni ya mwaka ule ule. Alisimama pale penye ngazi, kofia mkononi, mvua kama hii ya jana, wala hakutaka kuingia barazani. Nikamwuliza, 'Kwenu mko wangapi mwaka huu?' Niliuliza makusudi, maana mji mzima ulikuwa unajua. Akasema, 'Wanne.' Nikahesabu mimi: yeye, mkewe, mwanawe. Nikasema, 'Heisaku, watatu.' Akasema, 'Wanne.' Kwa ile sauti yake ya kuongea na mtu aliye juu ya paa."

"Ukamwandikia?"

"Nimwandikie nisimwandikie? Nikampa vinne. Kesho yake akavirudisha vinne. Nikamwuliza, 'Cha nne umekipitisha juu ya nini, na mwenyewe hayupo?' Akasema, 'Koti lake lipo.'"

Sumie alilikumbuka koti. Lilikuwa zito, la pamba, la buluu yenye madoa meupe. Aliliacha nyuma ya mlango kwa sababu ilikuwa Aprili na furushi lilikuwa limejaa.

"Alikuja mwaka huo tu?"

"Kila mwaka. Juni, na tena Desemba, kwenye utakaso wa mwisho wa mwaka. Miaka ya mwisho alikuwa akipanda hizi ngazi anapumzika mara tatu. Halafu akafa. Hakuna aliyekuja kuniambia nifute, sikufuta. Koti sina, basi napuliza tu mwenyewe. Pumzi ni pumzi."

"Lakini, Bibi, kwa nini Nishigori? Alijua nimeolewa. Alikuwa na jina langu jipya."

"Nilimwambia hayo hayo. Nikasema, 'Heisaku, mtoto ana jina jingine sasa, ukiandika hili la zamani miungu itamtafutia wapi?' Akasema, 'Mimi simjui mtu mwenye jina hilo lingine.'"

"Alisema kwa hasira?"

"Alisema akiwa amesimama."

"Bibi, nakuomba. Alikuwa na hasira, au alikuwa na majonzi? Alikuwaje?"

Bibi Toyo alifikiri kwa dhati, kijiti kikiwa kimesimama juu ya plamu.

"Alikuwa amelowa," alisema.

Sumie alishuka ngazi sabini na mbili bila kutazama anapokanyaga, na ni bahati tu kwamba hakuteleza. Hakujua alie au akasirike. Mtu huyu huyu aliyerudisha barua zake kumi na moja ndiye aliyepanda kilima kila Juni na kila Desemba na karatasi iliyopita juu ya koti lake. Mikono ile ile. Kisha, akiwa katikati ya ngazi, likamjia jambo ambalo halikuwahi kumjia: nyuma ya kila bahasha alikuwa ameandika jina la mtumaji, kwa fahari ya mke mpya, *Kuroiwa Sumie*. Simjui mtu mwenye jina hilo. Je, angeandika Nishigori, zingefunguliwa? Lakini angeandikaje Nishigori naye ndiye mke wa Shigeru, na Shigeru ndiye aliyekuwa akizipeleka barua posta? Akasimama. Akashika ukuta wa mawe. Halafu akaendelea kushuka, maana hakukuwa na la kufanya pale katikati.

Mineko alikuwa anamfunga mteja taulo kichwani alipoingia. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo mteja alisema hajapata kuliona.

"Basi limekwisha," alisema Mineko. "Alikusamehe."

"Au alinikataa. Alimweka binti yake, mimi akanifuta. Kila mwaka alikuwa akisema yule mke wa dereva hayupo."

"Shoga, mwanamume akikukataa anakusahau. Hapandi ngazi sabini na mbili kwenye mvua."

"Humjui baba. Kwa ukaidi angepanda mia saba."

"Basi alikuwa yote mawili."

"Mtu anakuwaje yote mawili?"

"Niulize mimi tena! Nimekaa na mume wangu miaka arobaini." Mteja akacheka chini ya taulo. Sumie hakuona cha kuchekesha, lakini alipofika nyumbani alijikuta amepika wali wa watu wawili.

Siku ya tarehe thelathini mvua ilirudi, nyembamba, isiyo na kelele. Watu kama themanini walijipanga na miavuli yao. Sumie alikuwa na kijitu kimoja kwa kila mkono. Kabla ibada haijaanza alimfuata kuhani, ambaye safari hii alikuwa katika mavazi meupe, kofia nyeusi kichwani.

"Kuhani, mtu mmoja anaweza kuwa na vijitu viwili?"

Haraguchi alikuwa ameshaelezwa habari na mama yake, kwa namna ya mama yake, kwa hiyo alijua nusu. Alikunja uso. "Katika niliyosoma, sijaona palipoandikwa anaweza."

"Basi niache kipi?"

"Wala sijaona palipoandikwa hawezi. Mama Kuroiwa, watu wananilowea hapa. Weka vyote. Hakuna mtu aliyewahi kudhurika kwa kutakaswa sana."

Alisimama chini ya upenu. Cha Kuroiwa alikuwa ameshakimaliza siku zile, akakitia kikapuni. Cha Nishigori alikitazama kidogo, kisha akajipangusa nacho: bega hili, bega lile, kifua, goti linalouma. Akakipulizia. Pumzi ya kwanza ilitoka vizuri, na ya pili. Ya tatu ilikatika njiani, ikabidi asubiri ndipo aimalizie. Akakitia kikapuni na hakikuonekana tena.

Watu walipita kwenye pete ya matete mmoja baada ya mwingine. Sumie alifuata mgongo wa Mineko, akageuka alipogeuka Mineko. Kisha wote wakashuka mtoni. Kuhani akasoma dua kwa sauti ndefu, kikapu kikainamishwa, na vijitu vikatawanyika juu ya maji kama maua yaliyopukutika. Vilielekea darajani. Sumie alinyoosha shingo kutafuta vyake viwili, lakini wino ulishaanza kutoka, karatasi zikawa ukungu mweupe chini ya maji, na zilipofika kwenye nguzo za zege hapakuwa na cha kutazama.

Bibi Toyo alikuwa ameteremshwa kwa gari na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, Mineko kamshikia mwavuli. Alimwita Sumie kwa kidole.

"Wewe wa figili! Yule Sumie wa Heisaku, nimfute au nimwache?"

Watu waliokuwa karibu wakageuka.

"Sijui, Bibi."

"Asiyejua hafuti," alisema Bibi Toyo, akageukia jambo jingine, kwamba mbona keki hazijaletwa.

Keki zililetwa, zile nyeupe za pembetatu zenye maharagwe mekundu juu. Watu wakala wamesimama ukumbini, wakaanza kutawanyika. Hapo ndipo alipotokea Kanehiro juu ya ngazi, anahema, mabuti yana matope ya shamba.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza Sumie.

"Mke wangu kaniambia nije."

Mkewe alikuwa Okayama kwa binti yao tangu juzi, na Sumie alilijua hilo. Alimpa keki, na alipokuwa akiila akamweleza yote: wanne, kofia mkononi, koti la buluu. Kanehiro aliacha kutafuna.

"Lile koti," alisema. "Kila mwaka alikuwa akilitoa na kulitundika barazani. Sisi tulidhani anafukuza nondo."

"Liko wapi?"

"Sijui. Baba alipokufa tulitoa vitu vingi." Akajikuna shavu. "Nondo. Miaka yote ile mimi nasema nondo."

"Unadhani alikuwa anafanya nini, Kaka?"

"Mimi? Sijui, Sumie. Kwa kweli sijui." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu arudi, na wote wawili walilisikia, wakatazama upande wa pete.

Wanaume walikuwa wamekuja na kamba za kuishushia. Kanehiro aliwaashiria wangoje kidogo.

"Inapitwaje hii?"

"Unaingia, unazunguka kushoto. Unaingia tena, unazunguka kulia. Halafu kushoto tena."

"Una hakika?"

"Hapana."

Kanehiro akakunja mwavuli, akaingia; Sumie akaingia nyuma yake, karibu mno, akamkanyaga buti. Wakatokea upande wa pili. "Kushoto, nyie!" alipiga kelele Mineko kutoka ukumbini, mdomo umejaa keki. "Kushoto!" Wakasimama katika mvua wakitazamana, kisha kaka akazunguka huku, dada akazunguka kule.